Tatu-Tano

Leo sina siasa wala bei ya unga. Nina kisanduku cha mbao hapa mezani, kile chenye kifuniko cha kusukuma, na nakitikisa karibu na kipaza sauti ili usikie mwenyewe. Haya. Umesikia? Fundi mitambo ananikodolea macho nyuma ya kioo, lakini kama umekulia pwani umeshajua ni nini. Dhumna.

Nyinyi wa Bara mnaita domino, sawa tu, kete ni zile zile. Sisi Unguja tunasema dhumna, na kila nikimsikia Mmisri akisema dumna nahisi najua neno hili lilipitia mlango gani kabla ya kufika kwetu.

Ukipita Mji Mkongwe, pale Jaws Corner, uwanja mdogo uliopewa jina la ile filamu ya papa ya mwaka 1975, utawakuta wachezaji. Kahawa ipo, vikombe vidogo vipo, siasa ipo tele, na meza inapigwa kete mpaka unaionea huruma. Wanaume watupu. Mwanamke akipita hapo anaamkia na kushika njia yake. Mimi nimepita miaka na miaka, na nilichokijua kuhusu dhumna kilikuwa ni kelele yake. Pa! Kisha kicheko. Kisha mtu anaitwa mjinga mbele ya watu naye hakasiriki. Nilidhani ni mchezo wa nguvu za mkono.

Ulioniingiza mchezoni ni ukosefu wa umeme.

Wa Unguja mnakumbuka. Umeme wetu unatoka Bara kwa kebo inayopita chini ya bahari. Mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, tukadhani tumeshaona yote. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, kisiwa kizima! Maji nayo yakawa ya kuwinda, maana pampu bila umeme ni chuma tu. Wenye uwezo walinunua jenereta, na sisi wengine tukarudi kwenye chemli na mishumaa. Usiku mji ulikuwa unanguruma kwa majenereta ya wenzetu, na moshi wake tulivuta sote bila ubaguzi.

Baba watoto alikuwa mtu wa baraza. Akitoka kuswali Isha hurudi saa nne, saa tano. Lakini baraza lao lilikuwa chini ya taa ya duka, na duka lilikuwa giza. Usiku wa tatu au wa nne akaja nyumbani mapema, kisanduku hiki kwapani, akakaa kwenye jamvi, akatutazama kama mtu anayekagua timu mbovu aliyopewa kuifundisha. Tulikuwa wanne tu: yeye, mwanetu wa kwanza aliyekuwa darasa la tano, mimi, na mama yake yeye, yaani mkwe wangu, aliyekuwa anaishi nasi.

Dhumna inataka watu wanne hasa. Wawili au watatu wanaweza kucheza, na kete zinazobaki zikawekwa kando za kuokota, lakini hiyo ni chai isiyo na sukari. Wanne, wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mbele yako na wapinzani wako kulia na kushoto. Kete ni 28, kila mmoja anapata saba, hakuna inayobaki. Mwenye sita-sita anaanza. Wewe unaunganisha namba kwa namba, tatu kwa tatu, tupu kwa tupu, kwenye ncha yoyote ya mstari. Huna, unasema, "Napita." Anayemaliza kete zake kwanza ameshinda yeye na mwenzake. Mstari ukifungwa, yaani hakuna mwenye cha kuweka, mnafunua na kuhesabu vitone, mwenye vichache anachukua. Sheria zenyewe zimekwisha hapo. Msikilizaji unayetaka kusahihisha kwamba kwenu mnacheza vingine, najua, kila mtaa una katiba yake.

Usiku wa kwanza alinikalisha mbele yake, niwe mwenzake. Nataka nikushauri jambo hapa, wewe uliyeoa na wewe uliyeolewa: msikae ana kwa ana kwenye dhumna. Nilicheza nne-moja, akaguna. Nikacheza sita-tatu, akatazama dari. Mchezo ulipokwisha akaniuliza, kwa upole wa kutisha, "Mama watoto, hivi mimi nilipoweka nne mara mbili, ulidhani nafanya nini?" Nikamjibu nilidhani anacheza. Tulinuniana siku mbili, na katika giza lile, bila televisheni wala feni, kununiana ni kazi kubwa.

Mama mkwe ndiye aliyetuamua. Hakusema neno juu ya ugomvi. Usiku wa tatu alikuja akakaa mahali pa mwanawe, mbele yangu, akasema, "Nitacheza na huyu."

Hapa lazima nieleze kidogo. Nilikuwa na miaka 12 katika ndoa. Mama yule hakuwahi kunikosea adabu wala mimi sikumkosea. Tukisalimiana asubuhi, tukipika pamoja, tukienda maziko na harusi pamoja. Lakini ni mtu wa maneno machache, na mambo ya mkwe mnayajua, heshima ikizidi inakuwa pazia. Nikimpa chai anasema ahsante mwanangu, na sikujua kama chai ilikuwa nzuri. Nikimuuliza anasema nzuri, na bado sijui. Miaka 12.

Sasa usiku huo. Naukumbuka kete kwa kete, kama wazee wa mpira wanavyokumbuka mabao. Zamu ilikuwa inakwenda hivi: mama, kisha mwanangu, kisha mimi, kisha baba watoto. Mama alikuwa na sita-sita, akafungua. Mwanangu akaweka sita-mbili. Mimi nikaweka sita-tano upande wa pili. Ncha moja mbili, ncha nyingine tano. Baba watoto akazitazama kete zake, akakohoa, akasema, "Napita."

Mama akachukua mbili-tano akaiunganisha kwenye ile mbili. Ncha zote mbili sasa ni tano. Mwanangu akazungusha macho kete zote saba… samahani, zilikuwa zimebaki sita. Akasema, "Napita."

Hapo ndipo nilipoanza kusikia dhumna inavyozungumza. Kila namba, msikilizaji, iko kwenye kete saba. Tano ziko saba: tano-tupu, tano-moja, tano-mbili, tano-tatu, tano-nne, tano-tano, tano-sita. Mbili zilikuwa zimeshalala chini. Mkononi mwangu nilikuwa na tano-tano na tatu-tano. Hizo ni nne. Baba watoto amepita, hana tano. Mwanangu amepita, hana tano. Zilizobaki, tano-tupu, tano-moja na tano-nne, hazikuwa na pengine pa kuwa. Zilikuwa kwa mama, zote tatu. Nilikuwa nazisoma kwenye mgongo wa kete zake kama zimewekwa kioo.

Nikaweka tano-tano. Sikuipiga, niliilaza tu. Ncha zikabaki tano na tano. Baba watoto akapita tena. Na mama, mama yule wa ahsante mwanangu, akaninyanyulia macho juu ya mwanga wa chemli kwa nukta moja, akaweka tano-moja.

"Nyie mnazungumza!" alisema baba watoto.

Hatukuwa tumefungua kinywa. Miaka 12 sikujua mama yule ananionaje, lakini usiku ule nilijua ana tano. Tulishinda, na kete yangu ya mwisho ilikuwa tatu-tano. Mama akasema, "Umecheza." Msikilizaji, kwa yule bibi hiyo ni hotuba.

Watu husema dhumna ni bahati, unapewa kete mbaya unashindwa. Bahati ipo, siikatai. Ukihesabu mikono yote ya kete saba inayoweza kutoka katika 28, ni 1,184,040. Mmoja tu kati ya hiyo una pacha zote saba, kuanzia tupu-tupu hadi sita-sita. (Pacha ndivyo tunavyoziita nyumbani kete zenye namba moja pande zote mbili, na wewe ziite ulivyozoea.) Ukicheza michezo kumi kila usiku bila kukosa, ungengoja kwa wastani zaidi ya miaka 320 kuupata mkono huo. Na ukiupata ujue umeula wa chuya, maana pacha haina pa kwenda, inaingia namba ile ile na kutokea namba ile ile.

Lakini bahati inakwisha pale mtu wa kwanza anaposema napita. Kuanzia hapo ni kumbukumbu, na zaidi ya kumbukumbu ni kuaminiana. Fikiri kidogo. Kete zangu huzioni. Nikisema napita, unanikubalia kwa neno langu tu. Hakuna askari wa kuja kunikagua. Sheria inasema ukiwa nayo lazima uicheze, hata kama inakuumiza. Kwa hiyo napita ni ushahidi, mtu anakiri mbele ya wote kwamba kitu fulani hana, na wote wanajenga mipango yao juu ya ushahidi huo.

Mwanangu aliupima ukweli huu wiki ya pili. Alikuwa anaitunza tatu moja kwa hesabu zake, akasema napita akiwa nayo. Mchezo ukafungwa, tukafunua, tatu ikaonekana. Nilidhani baba yake atabwata. Hakubwata. Alikusanya kete zote taratibu, akazirudisha kisandukuni, akasukuma kifuniko, akaenda kulala. Saa mbili na nusu usiku! Katika giza lile bila dhumna kulikuwa hakuna kingine cha kufanya ila kusikiliza jenereta la jirani. Kijana alikaa na sisi wanawake kwenye jamvi mpaka bibi yake akamwambia akalale. Hakurudia.

Lingine, pesa. Nyumbani kwetu haikuwekwa hata shilingi, na adhana ikiadhiniwa kete chini, hata kama mtu amebakiza moja. Nalisema hili kwa sababu najua kuna wazazi wanaosikia neno dhumna na kuona kamari na vijana wasio na kazi. Wazazi hao nawaelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao mpaka nilipoona mtoto wa darasa la tano anajumlisha vitone vya mikono minne kwa kuvitazama. Alikuwa amegundua kitu ambacho baba yake, na baraza zake zote, hakuwahi kukiwaza: vitone vyote vya dhumna ni 168, kwa hiyo kila mchezaji kwa wastani anaanza na 42. Akipokea kete zake anazijumlisha kwanza. Zikizidi 42 anajua amebebeshwa mzigo, anaanza kutupa nzito mapema. Zikipungua, anaombea mchezo ufungwe.

Na kelele? Kelele nayo tuliijadili. Baba watoto alikuja na tabia ya barazani, kete ya ushindi anaipiga mpaka nyingine zinaruka na mstari unavurugika. Mara ya tatu mama akamwambia bila kunyanyua kichwa, "Kete haina masikio." Akaacha. Barazani naambiwa anaendelea.

Niseme pia kidogo kitu hiki kimetoka wapi, kisha turudi nyumbani. Dhumna ni ya Wachina kwa asili. Wao wana kete 32, na hawana tupu, kwa sababu kete zao zilitokana na dadu mbili, na dadu haina upande usio na kitone. Ulaya mchezo ulionekana Italia karne ya 18, ukiwa na tupu na kete 28 tunazozijua, ukasambaa hadi pande zetu. Za zamani za Ulaya zilitengenezwa kwa mfupa au pembe ya ndovu, na mgongo wa mpingo. Unguja yetu ya karne ya 19 ilikuwa soko kubwa la pembe, na pembe zilizopita bandarini hapa zilikwenda hadi Connecticut, Marekani, kuwa vibonyezo vya piano. Waliozibeba begani kutoka bara hawakupata piano wala dhumna. Havana, Cuba, wanapenda seti kubwa zaidi, kete 55, inayofika tisa-tisa. Basi, turudi nyumbani.

Umeme ulirudi Machi, watu wakashangilia mitaani. Televisheni ikawashwa. Baba watoto akarudi barazani, lakini alikwenda mikono mitupu. Kisanduku kilibaki nyumbani, mama alikuwa amekitia chini ya mto wake. Tangu hapo ni mchezo wa nyumba. Ramadhani baada ya tarawehe mpaka karibu na daku, siku za mvua, siku za msiba usiku wa mwisho wageni wakishaondoka. Watoto wengine walikua nayo. Mimi na mama hatukutenganishwa tena, na tukashinda kiasi kwamba naona aibu kukuhesabia hapa.

Sasa nakupeleka Ramadhani iliyopita.

Yule mtoto wa darasa la tano ameoa. Mkamwana wangu ni wa Tabora, anasema domino, na anafundisha hesabu sekondari. Usiku wa kwanza wa kucheza naye, kete zikachanganywa kifudifudi, kila mtu akachukua saba. Yeye wa mwisho akanyoosha mkono, akakuta sita. Akatazama chini ya jamvi. Akatazama kisandukuni. Akaona haya, mgeni yule, akadhani labda sisi ndivyo tunavyocheza.

Tukahesabu. Kete 27. Ilikuwa imepotea moja, na lini, hakuna aliyejua. Tulikuwa tumehama nyumba miezi michache kabla.

Baba watoto akaanza kuzipanga kwa safu kuitafuta ipi haipo, tupu na tupu, moja na moja. Mkamwana wangu akasema kwa sauti ya chini, "Baba, niruhusu nijaribu." Akazichukua zote 27 akaanza kuziunganisha mstari mmoja kama mtu anayecheza peke yake, namba kwa namba. Akikwama, anafungua mstari mahali, anaingiza zilizobaki, anaunga tena. Mstari ukatoka kwenye jamvi, ukapinda kwenye mlango, ukarudi. Dakika saba au nane. Kete ya 27 ilipolala, ncha moja ilikuwa tatu na ncha nyingine tano.

"Iliyopotea ni tatu-tano," alisema.

Sote tukazipekua. Tatu-tano kweli haikuwepo. Baba watoto alikuwa hajaudhika hivyo tangu usiku wa kwanza aliponikalisha mbele yake.

Msikilizaji, jaribu hili nyumbani, na usimwambie mtu siri yake mpaka wamekuuliza mara tatu. Kila namba inatokea mara nane kwenye dhumna nzima: kete sita zina nusu moja moja, na pacha ina nusu mbili. Nane zinagawika kwa mbili. Ukiunganisha kete zote 28, katikati ya mstari tatu inakutana na tatu, tano inakutana na tano, mbili na mbili, kwa hiyo ncha mbili za mwisho lazima ziwe namba moja. Huna hiari. Toa tatu-tano, na tatu zitabaki saba na tano zitabaki saba. Moja ya kila upande inakosa mwenzake, haina pa kujificha ila kwenye ncha. Ukitoa pacha hila haifanyi kazi, kwa hiyo ukimficha mtoto kete, usimfiche pacha. Mkamwana anasema Leonhard Euler alitumia hesabu ya aina hii mwaka 1736 kuonyesha kwamba madaraja saba ya mji wa Königsberg hayawezi kuvukwa yote, kila moja mara moja tu, kwa matembezi ya safari moja. Baba watoto akauliza kama huyo Euler alikuwa anacheza barazani.

Usiku ule hatukucheza. Kesho yake tulitafuta kila mahali. Kwenye magunia ya kuhamia, kwenye ndoo ya vifungo, chini ya friji. Hatukuipata. Baba watoto akaenda Darajani akarudi na seti mpya, plastiki nzuri, nyeupe, vitone vya rangi. Akaimwaga kwenye jamvi kwa fahari.

Mama akachukua moja akaipapasa kwa dole gumba. Akaigeuza, akapapasa tena. Akairudisha.

Sikukuambia kuhusu macho ya mama. Mtoto wa jicho alianza zamani, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, la pili likachelewa, na sasa ana miaka zaidi ya 80 na anachoona ni vivuli tu. Dhumna hajaacha. Hata wakati ule wa chemli nilimwona anasoma kete kwa dole gumba, nikadhani ni mazoea. Kwenye seti yetu ya zamani vitone vimechimbwa, anaviingiza kidole na anajua. Sisi kila anayeweka kete anaitaja kwa sauti, "sita-nne kwenye nne," na mstari wote anao kichwani, hata wa michezo miwili iliyopita ukitaka. Seti mpya vitone vyake vimechapwa kwa rangi tu. Ni laini kama sahani. Kwa kidole cha mama kete zote zilikuwa tupu-tupu.

Seti mpya tukampa jirani. Mwanangu akaenda kwa fundi seremala na kete moja ya mfano, akamwomba amchongee nyingine ya ukubwa ule ule, vitone achimbe kwa keekee, vitatu huku na vitano huku. Fundi akacheka, akatoza shilingi elfu mbili, akaifanya vizuri. Mama aliipapasa usiku huo, akaiweka chini, akaichukua tena. "Hii ni mpya," akasema. "Lakini ni yenyewe."

Kuna kasoro moja tu. Kete zetu za zamani ni nyeupe zilizopauka. Ya fundi ni mninga, nyekundu ya kahawia, na hatukupata rangi ya kuifanya ifanane. Kete zinasimamishwa mbele ya mchezaji, migongo inatazama wengine. Kwa hiyo popote ilipo tatu-tano, nyumba nzima inaiona. Mwanangu akiipata anaificha nyuma ya kiganja. Mkamwana akiipata anaicheza haraka aondoe balaa. Baba watoto akiipata analalamika kabla mchezo haujaanza.

Mama akiipata anaisimamisha katikati ya nyeupe sita, wima kabisa, na kunyamaza nayo. Anaitunza mpaka mwisho, maana anaamini hakuna anayejua ilipo. Na sisi wote, hata baba watoto, tunacheza kama hatuioni.

Mama huwa anasikiliza kipindi hiki. Leo nimemwomba mjukuu wake ampeleke kwa shangazi yake mapema, na huko redio iwe imezimwa. Basi msikilizaji, ukimkuta njiani akakuelezea jinsi alivyotufunga kwa tatu-tano, mpe hongera yake, na tafadhali usimwambie.